Makaburi yasiyo na maiti

Jiwe lina urefu wa futi tatu na nusu, nalo limeinama kidogo upande wa kushoto, kama mzee mwenye sikio moja zuri. Rangi yake ni kijivu cha wingu la masika. Mabegani limeota kuvu za kijani, na michirizi myeusi imeteremka kutoka juu mpaka chini, alama ya mvua za miaka mia mbili. Herufi zake zimeanza kufutika. Lakini ukiligonga kwa kidole, halilii kama jiwe, linalia kama boksi tupu. Ukilinyanyua, utacheka: uzito wake ni wa kuku mmoja wa kienyeji.

Chini yake hajalala mtu. Hapo lilipo, mwezi wa Julai watoto walikuwa wakimwagiana maji. Wenye nyumba walilisimika mwanzoni mwa Oktoba pamoja na wenzake kumi na wawili, wakayazungushia uzio mweusi wenye ncha za mikuki. Usiku wa tarehe 31 mtaa mzima utapita hapo, watoto wakiwa wamevaa kama wachawi, mashujaa wa sinema na ndizi zenye miguu, kila mmoja na mfuko wake, wakiomba pipi.

Hii ni Marekani, na hii ndiyo Halloween ya watu wasioridhika na boga moja mlangoni. Katika vitongoji vya majimbo kama Massachusetts, Ohio na California, watu wa kawaida kabisa, walimu, mafundi bomba, wauguzi na wastaafu, hugeuza ua wa mbele kuwa makaburi kwa mwezi mmoja. Wengi wao hawanunui vitu vya dukani. Wanatengeneza wenyewe, kwa mikono yao, gereji ikigeuka karakana tangu mwezi wa nane. Tulifuate jiwe moja, tangu linapotoka dukani likiwa bodi hadi asubuhi linapong'olewa, tuone linatuambia nini kuhusu waliolichonga.

Bodi ya waridi

Safari inaanzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mahali zinapouzwa bodi za kuzuia baridi isipenye kwenye kuta. Bodi hizo ni za polistirini iliyoshindiliwa. Za kampuni ya Owens Corning zina rangi ya waridi, ambayo kampuni hiyo imeifanya alama yake ya biashara; za buluu zilijulikana kwa jina la Dow. Zisichanganywe na ile polistirini nyeupe ya punje punje tunayoikuta kwenye boksi la runinga mpya. Ile nyeupe ukiikata inapukutika kama ugali mkavu. Hii ya waridi imeshikamana, inakubali kisu, msasa na kalamu ya moto, na ukiichonga herufi inabaki na kingo zake.

Bodi ya kawaida ina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Kwa unene, mafundi wa nyumbani hupenda inchi 2, kwa kuwa jiwe jembamba humsaliti mwenyewe mara mtu anapolitazama kwa ubavuni. Bodi moja hutoa mawe manne ya futi mbili kwa tatu na nusu, na kipande kinachobaki hukatwa vitako. Anayetaka jiwe la tajiri hugandisha bodi mbili pamoja.

Umbo huchorwa kwanza kwenye karatasi: kichwa cha mviringo chenye mabega mawili, msalaba, au mnara mwembamba. Kisha fundi hukata kwa msumeno wenye meno madogo au kwa waya wa moto, ambao hupita ndani ya povu kama kisu ndani ya siagi. Hapo kuna jambo la kuangalia. Polistirini ikiungua hutoa moshi mbaya kwa mapafu, kwa hiyo kazi ya moto hufanywa nje, au milango ya gereji ikiwa wazi.

Herufi ndizo zinazokula muda. Maneno huchapwa kwa kompyuta, karatasi ikabandikwa juu ya bodi, kisha fundi akafuata kila mstari kwa kalamu mpaka alama zibaki kwenye povu. Baada ya hapo anazichimba kwa mashine ndogo ya kuzungusha vinoleo, au kwa kalamu ya moto kama ile ya fundi redio ya kuyeyushia risasi. Wanaoijua kazi huchimba herufi kwa umbo la V, vile wachonga mawe wa zamani walivyofanya kwa patasi, ili mwanga wa pembeni ukipita uache kivuli ndani ya kila herufi.

Kosa la anayeanza linajulikana na kila mtu katika ufundi huu. Amemaliza kuchonga, ana haraka, anachukua kopo la rangi ya kupuliza na kuifyatulia jiwe lake. Kimiminika kilichomo kwenye rangi hiyo huyeyusha polistirini. Ndani ya dakika chache uso wa jiwe unaingia mashimo, herufi zinazama, kazi ya siku mbili inakuwa kama jibini iliyoliwa na panya. Ndiyo maana wazoefu hupaka kwanza rangi ya maji. Lakini wazoefu hao hao huiweka ile rangi ya kupuliza karibu, maana wamegundua kuwa inavyokula povu inafanana mno na hali ya hewa inavyokula jiwe. Wanapuliza kidogo tu, kwenye kona na kingo, kisha wanaiacha ifanye kazi yake. Lililomwangusha mgeni limekuwa chombo cha mwenyeji.

Miaka mia mbili kwa wikiendi moja

Hapa ndipo penye siri ya ufundi huu. Kuchonga umbo la kaburi ni kazi ya asubuhi moja. Shughuli ni kulizeesha.

Safu ya kwanza ya rangi ni kijivu cheusi, na wengi hutumia rangi nzito ya kuzuia maji kwenye kuta za chini ya nyumba, iitwayo Drylok, kwa kuwa ina chengachenga zinazoufanya uso uparuze kama jiwe halisi. Ikikauka, fundi huchovya brashi kwenye kijivu cheupe, anaifuta karibu yote kwenye kitambaa, kisha anaipitisha juu juu. Rangi hushika sehemu zilizoinuka peke yake, mabonde yakabaki meusi, na ghafla jiwe linapata sura. Halafu anachanganya rangi nyeusi na maji mengi, anaitia kwenye chupa ya kunyunyizia, na kuiachia iteremke yenyewe kutoka juu. Haiongozi kwa mkono, kwa sababu mvua haina mkono. Mwisho huja kijani, kilichodonolewa kwa sponji penye kivuli na unyevu: chini ya bega, ndani ya herufi, kwenye kitako. Wengine hupaka gundi wakanyunyiza vumbi la mbao, wakalipaka kijani. Kwa mbali utaapa ni kuvu iliyoota.

Kisha jiwe husimikwa, nalo halisimikwi wima. Kaburi lililonyooka ni la juzi. Ardhi ikikaa juu ya shimo la zamani hutitia, na mawe huegemea huku na huku kama watu waliochoka kusubiri. Kwa hiyo fundi hulilaza kidogo, hili kushoto, lile mbele, na hayapangi kwa mistari kama mahindi. Ili upepo usiyachukue, kila jiwe lina bomba la plastiki lililopachikwa nyuma yake. Nondo hupigwa ardhini, na bomba likavikwa juu ya nondo. Usipofanya hivyo, kimbunga kidogo cha Oktoba kitakupelekea mababu zako wa uongo kwa jirani.

Mafundi hawa hawalibuni kaburi lao kutoka hewani. Kielelezo wanachokiiga kipo Boston na vitongoji vyake. Makaburi ya Granary, yaliyoanzishwa mwaka 1660 katikati ya jiji hilo, yana mawe ya sleti ya karne ya 17 na ya 18 yenye fuvu lililoota mabawa kileleni. Hapo ndipo alipolala Paul Revere, na Samuel Adams, na John Hancock, watu wa mapinduzi ya Marekani. Katika mji wa Salem, unaokumbukwa kwa kesi za wachawi za mwaka 1692, makaburi ya mtaa wa Charter ni ya tangu 1637. Wapenzi wa ufundi huu huyatembelea wakiwa na kamera, wakapiga picha ya kila ufa. Mawe hayo ni dhaifu, na kuyasugulia karatasi ili kunakili maandishi yake huyaharibu. Picha haimdhuru mtu, wala jiwe.

Mwaka 1967 wanaakiolojia James Deetz na Edwin Dethlefsen walichapisha makala kuhusu mawe hayo ya Massachusetts. Walionyesha kuwa mitindo hufuatana kama mitindo ya nguo: fuvu lenye mabawa ndilo la mwanzo, katika karne ya 18 likaja kulipokezana na uso wa malaika, na kufikia karne ya 19 picha zikawa chungu cha majivu na mwerebi unaolia. Nyuma ya mitindo hiyo kulikuwa na mabadiliko ya imani. Wapuriti wa kwanza, walowezi Wakristo wenye msimamo mkali, walimkumbusha mpita njia kuwa naye atakufa. Watoto na wajukuu zao wakapendelea kumkumbusha kuwa roho ya marehemu imekwenda pema. Vitukuu wakabaki na huzuni tu. Fundi wa leo gerejini, bila kusoma makala hiyo, huchagua karibu kila mara fuvu lenye mabawa. Katika mitindo yote mitatu, ndilo pekee lisilombembeleza mtu.

Sisi wa pwani tunaijua kazi hiyo ya muda bila kuilipia. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupambwa kwa bakuli za Kichina, yamepigwa na chumvi ya bahari mpaka chokaa imeachia. Chumvi ilifanya bure kazi ambayo Mmarekani huifanya kwa brashi tatu na chupa ya maji.

Utani wa kaburini

Maandishi ya mawe haya ya povu ni mzaha mtupu. Jina maarufu ni Myra Mains. Lisome haraka kwa Kiingereza, utasikia mtu akisema "mabaki yangu". Ni kama sisi tungeandika: Hapa amelala Bi. Sipo binti Nishaenda. Wengine hutunga mashairi ya mistari miwili kuhusu mlevi aliyepita njia isiyo yake, au mpishi aliyeonja uyoga wake mwenyewe.

Utani huo una chimbuko. Tarehe 9 Agosti 1969, Disneyland huko California ilifungua jumba lake la mizimu, na wageni wanaosubiri kuingia kwenye majumba ya aina hiyo ya Disney huburudishwa na makaburi yenye mashairi ya kuchekesha, baadhi yakibeba majina ya mafundi na wasanii walioijenga kazi hiyo. Familia nyingi zilirudi nyumbani na wazo kwamba kaburi linaweza kutisha na kuchekesha kwa wakati mmoja. Nyua nyingi za Oktoba bado zinafuata kanuni hiyo: mtoto wa miaka minne acheke, kaka yake wa kumi na mbili ashtuke, na baba yao asome maandishi yote mpaka mwisho huku pipi zikiyeyuka mfukoni.

Mota ya waipa na deli la barafu

Anayeanza hukomea kwenye mawe. Anayenogewa hutaka mtu atoke kaburini.

Mwili wenyewe ni wa bei rahisi. Fundi huchukua kiunzi cha mifupa cha plastiki, anakizungushia nailoni nyembamba ya kufunikia samani wakati wa kupaka rangi, kisha anapuliza joto kali kwa mashine ya kubandulia rangi. Nailoni inasinyaa, inang'ang'ania mbavu, inachanika hapa na kunata pale, kama ngozi iliyokauka. Akipaka juu yake rangi ya kahawia ya mbao, amepata maiti ya miaka mingi kwa mchana mmoja. Nusu ya kiunzi hupachikwa ardhini, mikono ikiparua nyasi.

Kwa mavazi ya mzimu upo mchanganyiko uliopewa jina la tope la zimwi: puti ya kulainishia kuta, ndoo moja ya galoni 5, na rangi ya maji galoni 1. Vinakorogwa mpaka viwe kama uji mzito. Gunia la juti huchovywa humo, likavikwa kwenye fremu ya mbao na waya, likapangwa mikunjo. Likikauka linakuwa gumu kama mlango. Hivyo ndivyo anavyozaliwa yule mtu mrefu mwenye joho aliyesimama langoni bila uso.

Lakini kinachowafurahisha zaidi ni mwendo, na mwendo hutoka mahali usipopatarajia: kwenye magari mabovu. Mota ya waipa, ile inayofuta mvua kwenye kioo, ni ndogo, ina nguvu, na imeundwa kusukuma kwa saa nyingi bila kulalamika. Inatumia volti 12. Fundi huichomoa kwenye gari lililokufa, akaiunganisha na pawasaplai ya kompyuta kuukuu, ambayo hutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Akiipa 12 mota inakimbia. Akiipa 5 inatembea taratibu, kwa mwendo wa mzee anayeinuka kitandani. Kwenye mhimili wake hufungwa mkono wa chuma, mkono ukasukuma kifuniko cha jeneza, kikafunguka na kufunga, kikafunguka na kufunga, usiku kucha.

Ustadi wa juu kabisa ni mzimu unaoelea. Juu ya fremu iliyofichwa gizani kuna mota inayozungusha mkono polepole. Kwenye ncha ya mkono huo zimefungwa nyuzi tatu nyeusi zinazopita kwenye vibanio vilivyo mbali mbali: mmoja unashika kichwa, mbili nyingine zinashika viganja. Kwa kuwa nyuzi zinavutwa kutoka pembe tofauti, kichwa kinapopanda mkono wa kulia unashuka, na wa kushoto unajitayarisha kupanda. Mwili ni shashi nyeupe tu, ikimulikwa na taa ya urujuanimno inayofanya kitambaa cheupe king'ae gizani. Mota moja na nyuzi tatu, na watu wazima wanasimama barabarani wakiwa wameacha midomo wazi.

Kilichobaki ni ukungu. Mashine ya moshi huchemsha mchanganyiko wa maji na glaikoli au gliserini, na moshi wake hutoka ukiwa na joto, kwa hiyo hupaa na kutoweka. Kaburi halitaki moshi unaopaa. Mafundi wakaja na jibu ambalo muuza aiskrimu yeyote angelielewa: moshi upitishwe kwanza ndani ya deli lililojaa barafu. Ukitokea upande wa pili umepoa, umekuwa mzito kuliko hewa, unatambaa kwenye nyasi na kujikunja miguuni mwa mawe. Upepo ukija, habari imekwisha. Hakuna deli linaloshinda upepo.

Na taa? Taa kali ya mlangoni huua kila kitu. Wanaojua huzima ya mlangoni, wakaweka taa chache za buluu chini, ubavuni mwa mawe, ili kila ufa uliochongwa Agosti ulipwe fadhila yake Oktoba. Mishumaa ya moto hawaigusi karibu na povu na shashi. Hutumia ile ya betri. Nyaya hupitishwa mbali na njia ya watoto, na soketi za nje huwekewa swichi inayokata umeme maji yakiingia.

Mifupa ya dola 299

Biashara haikulala. Mwaka 2020, wakati wa Korona, maduka ya Home Depot yalileta mifupa ya plastiki yenye urefu wa futi 12, sawa na mita tatu na nusu na ushee, kwa dola 299. Ikaisha madukani mapema, ikawa gumzo la nchi, na mpaka leo utaiona imesimama mbele ya nyumba ikipita urefu wa madirisha. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la Marekani, NRF, lilikadiria kuwa mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya Halloween: pipi, mavazi na mapambo.

Mbele ya fedha hizo, mtu anayekwangua povu gerejini anaonekana kama anayesuka mkeka wakati plastiki zimejaa sokoni. Hata hivyo hapungui. Jitu la futi 12 linaonekana kutoka mwisho wa barabara, ukilifikia umeshalimaliza. Jiwe lililochongwa kwa mkono halionekani mpaka ulikaribie, na ukilikaribia linaanza kusema. Tena kila Oktoba linaongezewa mwenzake. Jitu la dukani linafanana na la jirani. Makaburi ya mkono yanamfanana aliyeyatengeneza.

Kwa nini kaburi?

Mizizi ya sikukuu yenyewe inajulikana. Waselti wa Ireland na Scotland walikuwa na Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa giza la mwaka, wakati ambao mpaka wa walio hai na wafu uliaminika kulegea. Kanisa likaweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio uliozaa jina Halloween. Waayalandi waliokimbia njaa ya viazi katika miaka ya 1840 walifika Marekani na desturi ya kuchonga taa kwenye tanipu, wakakuta boga, kubwa na laini, wakaitupa tanipu.

Kinachohitaji maelezo ni hili kaburi la uani. Taifa hilo liliwahi kuishi karibu na makaburi yake. Makaburi ya Mount Auburn, karibu na Boston, yalipofunguliwa mwaka 1831 yakiwa bustani ya miti, vidimbwi na minara, watu walikwenda kutembea humo Jumapili. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1917 Hubert Eaton alishika uongozi wa makaburi ya Forest Lawn, huko Glendale, California, akataka mahali pasipo na mawe yaliyosimama. Vibao vya shaba vikalazwa sawa na nyasi, mashine ya kukatia nyasi ikapita juu bila kizuizi, na mtindo huo ukasambaa nchini. Mgonjwa akahamia hospitali, maiti ikahamia kwa kampuni ya mazishi, na kaburi likafichwa chini ya nyasi. Kufikia mwaka 1963, mwandishi Jessica Mitford alikuwa na kitabu kizima cha kuisuta biashara ya mazishi ya Marekani.

Ndipo unapofika mahali pa ajabu. Kaburi la kweli la Mmarekani wa leo linaweza kufanana na uwanja wa gofu. Kaburi la uongo, lililo uani kwa mwalimu wa hesabu, ndilo linalofanana na kaburi. Lina jiwe lililosimama, lina jina, lina fuvu linalokutazama machoni. Watoto wanalikaribia usiku, wanaligusa, wanasoma jina kwa sauti. Kilichoondolewa kwenye makaburi halisi kimerudi kwa mlango wa mchezo, kikiwa kimechongwa kwa povu la kuzuia baridi.

Wenzetu waliohamia kule, katika miji kama Minneapolis, Columbus na Houston, huipokea Oktoba kwa mioyo miwili. Wengi wetu tumekulia karibu na makaburi ya kweli. Kwa Wachaga bibi amezikwa mgombani, kwa Wajaluo kaburi la baba liko ndani ya boma, na mtoto anafundishwa mapema kuwa hapo hapachezewi. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mzazi wa namna hiyo akiona jirani ameandika jina la mzaha juu ya jiwe, mwili unamsisimka. Wapo wanaofunga pazia na kuzima taa, na wapo wanaowapeleka watoto kanisani, kwenye viwanja vya magari ambako pipi hugawiwa kutoka kwenye buti. Na wapo wanaotoka nje, wakasimama na jirani, wakauliza lile jiwe limetengenezwaje. Huyo wa tatu ndiye anayejifunza jina la jirani yake. Kwa mwaka mzima uliobaki, hakuna mwenye sababu ya kugonga mlango wa mtu katika mitaa ile.

Hofu ya mzazi wetu ina msingi, nami siifanyii mzaha. Lakini hukumu yangu baada ya kulifuata jiwe hili ni kwamba anayelichonga hadharau wafu. Mtu hatumii miezi mitatu kumwigiza kwa uangalifu asiyemjali. Anatafuta kitu ambacho sisi hatujakipoteza bado: kaburi analoweza kulitembelea kwa miguu.

Tarehe 1 Novemba asubuhi nondo zinang'olewa. Mawe yanafutwa umande, yanafungwa kwa blanketi kuukuu ili kingo zisivunjike, yanapandishwa darini. Nyasi zinabaki na matundu madogo yatakayoziba kabla ya theluji. Siku inayofuata, tarehe 2, ni Siku ya Marehemu Wote, na huku kwetu waumini wa Kikatoliki huenda makaburini na fyekeo, maji na mishumaa. Fundi wa kule amefanya kazi miezi mitatu ili jiwe lionekane limetelekezwa. Wewe, kama unalo la kweli lililotelekezwa, beba fyekeo uende. Halihitaji hata wikiendi nzima.